AMANIRENAS, MALKIA WA KUSHI

1. Maji ya ziwa letu huenda wapi?

Watu wa Kirumba wanalijua ziwa. Kila siku mitumbwi huleta dagaa na samaki mwaloni. Wafanyabiashara huja kutoka mbali kununua. Lakini je, maji ya ziwa hili huenda wapi?

Mito mingi huingia katika Ziwa Viktoria. Mito hiyo ni kama Kagera, Mara na Simiyu. Lakini mto unaotoka ziwani ni mmoja tu. Mto huo ni Nile. Huanzia Jinja, nchini Uganda. Kisha hupita Sudan Kusini na kuingia Sudan. Mjini Khartoum hukutana na mto mwingine mkubwa unaotoka Ethiopia. Mito hiyo miwili huwa mto mmoja.

Ukitoka Khartoum ukafuata mto kwenda kaskazini, kiasi cha kilometa 200, utaona magofu ya mji wa kale. Mji huo uliitwa Meroe. Miaka zaidi ya 2000 iliyopita alitawala huko malkia mmoja Mwafrika. Jina lake ni Amanirenas. Alipigana na dola kubwa kuliko zote alizopakana nazo, yaani dola ya Warumi. Katika kitabu hiki tutasoma habari za maisha yake. Tutasoma pia habari za sanamu na mawe yaliyochongwa, kwa sababu mambo mengi tunayoyajua juu yake yametoka katika mawe hayo.

Kwanza tukumbuke jambo moja. Miaka ya kabla ya Kristo, yaani K.K., huhesabiwa kwa kurudi nyuma. Mwaka 30 K.K. ulitangulia. Mwaka 20 K.K. ulifuata baadaye.

2. Nchi ya Kushi

Nchi ya Amanirenas iliitwa Kushi. Ilikuwa mahali ambapo leo ni kaskazini ya Sudan na sehemu ya kusini ya Misri.

Wakushi walikuwa wakulima na wafugaji. Walilima mtama. Walifuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mkulima wa Usukumani angefika kwao asingeona ugeni mwingi katika mashamba na mazizi yao.

Wakushi pia walikuwa wahunzi hodari. Walichimba mawe ya chuma, wakayayeyusha kwa moto wa makaa. Marundo makubwa ya mavi ya chuma yako Meroe hata leo. Kazi hiyo ilijulikana pia kando ya ziwa letu. Huko Katuruka, karibu na Bukoba, wataalamu wamechimbua mabaki ya tanuri za chuma za kale sana.

Wafalme wa Kushi walikuwa na nguvu. Kabla ya mwaka 650 K.K., kwa muda wa karibu miaka mia moja, waliitawala hata Misri. Walipokufa walizikwa chini ya piramidi, yaani majengo ya mawe yenye ncha juu. Piramidi za Kushi ni ndogo kuliko zile kubwa za Misri, lakini ni nyingi.

3. Cheo cha Kandake

Amanirenas aliishi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Neno la mwanzo katika jina lake, yaani Amani, si amani yetu ya Kiswahili. Amani lilikuwa jina la mungu mkuu wa Wakushi. Wamisri walimwita mungu huyo Amun.

Jina la Amanirenas limeandikwa katika mawe pamoja na jina la mfalme Teriteqas na la mwanamfalme Akinidad. Baada ya Teriteqas, Amanirenas alitawala mwenyewe.

Alikuwa na vyeo viwili. Cheo cha kwanza ni Kandake. Hiki kilikuwa cheo cha mwanamke mkuu katika ukoo wa kifalme. Cheo cha pili ni Qore, maana yake mtawala. Basi Amanirenas hakukaa tu kando ya mfalme. Yeye mwenyewe alikuwa ndiye mwenye kiti.

Wanaosoma Biblia wamekwisha kulikuta neno Kandake. Limo katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 8. Kandake anayetajwa humo ni mwingine, aliyekuja baada ya Amanirenas. Kandake ni cheo, si jina la mtu mmoja. Kushi ilitawaliwa na Kandake zaidi ya mmoja.

4. Warumi wafika Misri

Mwaka 30 K.K. jambo kubwa lilitokea kaskazini. Malkia wa Misri, Cleopatra, alishindwa na Warumi. Alikufa, na nchi yake ikatwaliwa. Mtawala wa Warumi alikuwa Kaisari Augusto. Ni Augusto yule yule ambaye Injili inasema alitoa amri watu wahesabiwe wakati Yesu alipozaliwa.

Sasa Kushi ilipakana na Warumi. Mwaka 29 K.K. mkuu wa Warumi huko Misri alichonga maneno katika jiwe. Alijisifu kwamba mfalme wa Kushi sasa yuko chini ya ulinzi wa Roma. Mtu akikuambia kwamba anakulinda, nawe hukumwomba, ujue anataka kukutawala. Haikupita miaka mingi, watu wa mpakani wakadaiwa kodi.

Warumi walifanya na jambo jingine. Walisimamisha sanamu za Kaisari katika miji. Siku zile hapakuwa na picha za kupiga wala magazeti. Augusto alikaa mbali, ng'ambo ya bahari. Watu wengi wasingemwona hata siku moja. Kwa hiyo sanamu yake ilikaa mahali pake. Aliyepita sokoni au hekaluni aliona uso wa yule anayemlipa kodi.

5. Vita

Mnamo mwaka 25 K.K. hivi, sehemu ya majeshi ya Warumi yaliyokuwa Misri ilipelekwa Arabuni. Wakushi waliona nafasi. Walivuka mpaka, wakaingia Aswan na katika visiwa vya Philae na Elefantini. Waliwashinda askari waliokuwa wakilinda huko. Walichukua mateka. Kisha waliangusha sanamu za Kaisari, wakaenda nazo.

Habari za vita hivi ziliandikwa na Strabo. Huyu alikuwa Myunani, na alikuwa rafiki wa mmoja wa wakuu wa Kirumi. Strabo hakuandika jina la malkia. Aliandika cheo chake tu, Kandake. Aliandika kwamba alikuwa na jicho moja bovu, na kwamba alikuwa na moyo wa kiume. Majina yaliyochongwa katika mawe ndiyo yaliyowafanya wataalamu wengi waamini kwamba Kandake huyo ni Amanirenas.

Mkuu mpya wa Warumi aliitwa Petronius. Alikuja na askari wa miguu karibu 10,000 na wapanda farasi 800. Strabo anasema Wakushi walikuwa 30,000. Lakini silaha zao zilikuwa haba. Walikuwa na ngao kubwa za ngozi ya ng'ombe, mashoka na mikuki. Wenye panga walikuwa wachache.

Kabla ya kupigana, Petronius alidai arudishiwe mateka na sanamu. Kisha akawauliza Wakushi sababu ya vita. Walijibu kwamba wamedhulumiwa na wakuu wa wilaya. Petronius akasema kwamba wenye nchi si wakuu wa wilaya bali Kaisari. Wakushi waliomba siku tatu za kufikiri. Siku hizo zikapita, wasitoe jibu alilolitaka. Petronius akashambulia.

Tusifiche ukweli. Wakushi walishindwa siku ile. Wengine walikimbilia jangwani. Wengine waliogelea hadi kisiwani, wakakamatwa huko. Petronius aliendelea kusini. Aliteka ngome ya Premnis. Kisha alifika Napata, mji mtakatifu wa Wakushi. Malkia alituma wajumbe. Alikubali kurudisha mateka na sanamu. Petronius hakusikiliza. Aliubomoa mji na kuwachukua watu wake. Mateka wengine waliuzwa utumwani. Elfu moja walipelekwa kwa Kaisari.

Petronius hakufika Meroe. Njia ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Alirudi kaskazini, akaacha askari 400 katika ngome ya Premnis, na chakula cha miaka miwili.

6. Wajumbe wa malkia

Mtu aliyebomolewa mji wake mtakatifu angeweza kukata tamaa. Malkia hakukata tamaa. Alikusanya jeshi jingine la maelfu ya watu. Alikwenda nalo kwenye ngome ya Premnis, ili awatoe wale askari 400. Petronius alipata habari. Alikwenda mbio, akaingia ngomeni kabla ya malkia.

Majeshi mawili yalikutana hapo. Safari hii vita havikuendelea. Malkia alituma wajumbe. Petronius aliwaambia waende kwa Kaisari mwenyewe. Wajumbe walijibu kwamba hawamjui Kaisari ni nani, wala hawajui anakaa wapi. Fikiri jibu hilo. Mtu aliyesimamisha sanamu zake kila mji ili ajulikane, watu wa Kushi wanasema hawamjui! Petronius akawapa watu wa kuwaongoza njia.

Wajumbe walisafiri mbali. Walishuka na Mto Nile, wakavuka bahari, wakafika kisiwa cha Samo, karibu na nchi ambayo leo ni Uturuki. Hapo walimkuta Augusto. Ilikuwa mwaka 21 au 20 K.K.

Walipata yote waliyoyaomba. Augusto aliifuta kodi. Warumi walirudi nyuma, na mpaka ukawekwa kaskazini ya ngome ya Premnis. Amani hiyo ilidumu karibu miaka 300.

Kwa nini Kaisari alikubali? Sababu zilikuwa nyingi. Kushi ilikuwa mbali, na jangwa liliwachosha askari wake. Majeshi yake yalikuwa yameshindwa kufanikiwa huko Arabuni. Tena alikuwa na jambo kubwa na dola ya Parthia, upande wa mashariki. Kupigana na malkia asiyekubali kushindwa kulikuwa hasara tupu. Mataifa mengi yalilipa kodi Roma, kuanzia Hispania hadi Siria. Wakushi walikataa, na kodi yao ikafutwa.

7. Kichwa chini ya ngazi

Sanamu zile za Kaisari ziliishia wapi? Baadhi zilirudishwa. Moja haikurudi.

Mwezi Desemba mwaka 1910, Mwingereza John Garstang alikuwa akichimbua magofu ya Meroe pamoja na vibarua wa Kisudani. Walifika kwenye hekalu dogo. Kuta zake zilikuwa na picha za rangi za mateka mbele ya watawala wa Kushi. Mbele ya ngazi za mlango, chini ya mchanga, walikuta kichwa cha mtu. Kilikuwa kichwa cha shaba iliyochanganywa na bati. Kilikuwa kikubwa kuliko kichwa cha mtu wa kawaida. Macho yake yalitengenezwa kwa kioo na mawe. Uso ulikuwa wa Kaisari Augusto.

Kichwa hicho hakikuanguka hapo kwa bahati. Kilikatwa katika sanamu nzima, kikazikwa penye njia ya kuingilia. Kila aliyeingia hekaluni alimkanyaga Kaisari kichwani. Roma ilitaka kila mtu autazame uso ule kwa hofu. Wakushi waliufukia chini ya nyayo zao.

Mchanga ulioficha kichwa hicho ndio ulioitunza sura yake. Sanamu nyingi za shaba za zamani ziliyeyushwa zikafanywa vitu vingine. Hiki kimebaki, na macho yake bado mazima. Leo kiko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London.

8. Sura ya malkia

Je, sura ya Amanirenas mwenyewe iko wapi?

Mwaka 1914 Garstang alichimbua mahali paitwapo Hamadab, karibu na Meroe. Penye mlango wa hekalu alikuta jiwe kubwa lililochongwa, refu kuliko mtu. Jiwe hilo lina maandishi mengi. Majina ya Amanirenas na Akinidad yamo. Sehemu ya juu ilichongwa picha za malkia na mwanamfalme wakisimama mbele ya miungu. Chini ya miguu yao imechongwa safu ya mateka waliofungwa kamba.

Lakini jiwe limevunjika juu. Zimebaki sehemu za chini za miili yao. Uso wa malkia haumo. Kwa hiyo uso wa Augusto tunao, na uso wa aliyemkataa umepotea.

Hata hivyo tunajua Wakushi walivyowachonga malkia wao. Tazama hekalu la simba huko Naqa, kusini ya Meroe. Lilijengwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Upande mmoja wa mlango amechongwa mfalme Natakamani. Upande wa pili amechongwa malkia Amanitore. Wote wawili wanalingana kwa ukubwa. Wote wawili wameinua silaha. Kila mmoja ameshika kundi la maadui kwa nywele zao.

Mwili wa malkia huyo ni mnene. Nyonga zake ni pana na mikono yake ina nguvu. Amevaa mapambo mengi, na kucha zake ni ndefu. Huko Misri wachongaji walipenda kumchonga malkia mwembamba. Wachongaji wa Kushi hawakuiga. Walimchonga malkia wao kwa namna iliyowapendeza wao. Watu wengi wa vijijini kwetu watamwelewa mchongaji huyo bila kuelezwa. Kwake mwili mnene ulikuwa dalili ya shibe, afya na heshima.

Malkia mwingine, Amanishakheto, alichongwa vivyo hivyo katika kaburi lake la piramidi. Mwaka 1834 daktari mmoja Mwitalia, Ferlini, aliibomoa piramidi hiyo akitafuta mali. Alipata mapambo ya dhahabu, akayauza Ujerumani. Mapambo hayo yako katika makumbusho ya Berlin na Munich.

9. Jiwe lisiloeleweka

Turudi kwenye jiwe la Hamadab. Maandishi yake ni ya Wakushi wenyewe. Walikuwa na alfabeti yao, yenye alama 23. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mwingereza Francis Griffith alifaulu kutambua sauti ya kila alama. Kwa hiyo wataalamu wanaweza kulisoma jiwe la Amanirenas kwa sauti.

Lakini hawalielewi lote. Wanatambua majina, vyeo na maneno kadhaa. Maneno mengine yamewashinda. Ni kama mtu wa Kirumba anayejua silabi zote, akapewa barua ya Kijaluo naye hajui Kijaluo. Atatamka neno moja moja mpaka mwisho. Akiulizwa barua inasema nini, atanyamaza.

Sababu ni hii. Dola ya Kushi ilivunjika mnamo mwaka 350 baada ya Kristo. Polepole watu waliacha kuandika kwa alama zile. Lugha yenyewe ikafa. Waliojua maana walikufa bila kumfundisha mtu.

Matokeo yake ni nini? Vita vya Amanirenas tunavisoma kwa maneno ya Strabo, rafiki wa Warumi. Yeye anasifu ushindi wa Petronius, na jina la malkia halitaji. Maneno ya malkia mwenyewe yamesimama katika jiwe, yakingoja msomaji. Ingalikuwa hapana jiwe lile, na hapana kichwa kile chini ya ngazi, tungesikia upande mmoja tu wa shauri.

10. Tunajifunza nini?

Tunajifunza kwamba Afrika ilikuwa na dola, maandishi na wachongaji wake tangu kale. Tunajifunza kwamba wanawake walishika madaraka makubwa, na watu wao hawakuona haya kuwachonga wakiwa na nguvu. Tunajifunza pia kwamba aliyeshindwa vita leo anaweza kupata haki yake kesho, akisimama imara na kujua wakati wa kupigana na wakati wa kutuma wajumbe.

Cheo cha Kandake hakijasahauliwa. Mwaka 2019 wananchi wa Sudan waliandamana mpaka serikali ya Omar al-Bashir ikaanguka mwezi Aprili. Wanawake walikuwa mstari wa mbele. Watu waliwaita Kandaka, kwa jina la malkia wale wa zamani.

Fundisho la mwisho linatuhusu sisi tuliojifunza kusoma na kuandika. Kuandika peke yake hakutoshi. Lazima awepo atakayesoma na kuelewa. Wazee wetu wanajua habari za koo, za vijiji na za ziwa hili. Wakiondoka bila habari hizo kuandikwa, wajukuu watazisikia kwa wageni. Chukua daftari. Keti na bibi au babu, muulize, uandike. Kisha wafundishe watoto lugha ambayo babu na bibi walisema nawe, ili siku moja wakilifungua daftari lako waelewe ulichoandika.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kandake ni nini? Je, ni jina au cheo?
2. Kwa nini Warumi walisimamisha sanamu za Kaisari katika miji waliyoitawala?
3. Kwa nini Wakushi walikizika kichwa cha sanamu penye mlango wa hekalu?
4. Malkia alitumia vita na pia alitumia wajumbe. Zungumzeni faida na hasara za kila njia.
5. Kwa nini wataalamu hawalielewi jiwe la Amanirenas, ingawa wanaweza kulitamka?
6. Kila mmoja ataje habari moja ya kijiji chake ambayo bado haijaandikwa. Nani anaijua vizuri? Nani ataiandika?